Kabla ya Kuizika Betri

Kwenye foleni ya magari yanayosubiri kuvuka kwa feri pale Likoni, Mombasa, hasa jioni watu wanaporudi ng'ambo, kuna sauti moja ambayo kila dereva huiogopa. Mstari umesogea, wa mbele keshaondoka, ufunguo unazungushwa, na badala ya injini kunguruma inasikika "tik" moja kavu, kisha kimya. Taa za dashibodi zinafifia. Honi za nyuma zimeshaanza. Vijana wanaitwa wasukume, au mwenye gari la jirani anaombwa nyaya za kuazimia umeme, na hata kabla gari halijafika kwenye gati hukumu imeshatolewa: betri imekufa, katafute nyingine. Hukumu hiyo hutolewa haraka mno. Katika kesi zisizo chache betri inayosemwa imekufa ingali hai, na kilichoharibika ni mguso baina ya kichwa chake na kibanio cha waya, yaani ile terminali iliyofunikwa na ungaunga mweupe au wa kijani-samawati. Dawa ya ungaunga huo imo jikoni. Na kwa mji wa Mombasa, kuliko miji mingi, kuizika betri kabla ya siku zake si hasara ya mfukoni peke yake.

Tuanze na ungaunga wenyewe, kwa sababu asiyejua umetoka wapi hawezi kuchagua dawa. Betri ya gari leo inafanya kazi kwa kanuni ileile aliyoionyesha Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859: sahani za madini ya risasi zimezamishwa ndani ya maji yaliyochanganywa na tindikali ya salfa. Vyumba vyake ni sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na ushei, ndipo jumla yake hufika kwenye 12.6 betri ikiwa imejaa. Inapochajiwa, hasa ikichajiwa kupita kiasi, sehemu ya maji yake hupasuka kuwa gesi za haidrojeni na oksijeni. Mapovu ya gesi hizo hupanda na chembe ndogo sana za tindikali, nazo hutoroka kupitia matundu ya kupumulia na kwenye mwanya mwembamba unaozunguka shina la kichwa. Nje hapo tindikali hukutana na metali. Ikiila risasi, huzaa salfeti ya risasi, ambayo ni nyeupe. Ikiila shaba ya waya au ya kibanio, huzaa salfeti ya shaba, ndiyo ile rangi ya kijani-samawati inayomvutia mtoto kuigusa. Kwa hiyo unachokiona juu ya betri si vumbi la barabarani, bali ni mabaki ya metali iliyoliwa, na ndani yake tindikali ingalimo.

Madhara yake ni rahisi kuyapima, na hesabu yake haihitaji zaidi ya darasa la nane. Ungaunga huo ni kizuizi kwa umeme. Tuseme kizuizi kilichojitokeza kati ya kichwa na kibanio ni kidogo, sehemu mbili za mia za ohm moja. Redio na taa ndogo zikivuta ampea tano, volti inayopotea hapo ni sehemu moja ya kumi tu, na dereva hawezi kuhisi kitu. Lakini stata ya gari dogo huvuta ampea mia na zaidi. Ikitaka 150, kizuizi kilekile kinameza takriban volti tatu kabla umeme haujaifikia. Stata iliyoahidiwa volti kumi na mbili inaachiwa tisa au pungufu ya hapo, ndipo inapogonga "tik" na kunyamaza. Hili ndilo jibu la kitendawili kinachowasumbua wengi: mbona redio inaimba na gari haliwaki? Redio inaomba kidogo, mlango mwembamba unatosha. Stata inaomba kwa pupa, na mlango ule ule unaibana.

Hasara haiishii kwenye kuwasha. Umeme wa kuijaza betri kutoka kwenye altaneta hupita mlango huohuo kurudi ndani. Altaneta ikisukuma ampea ishirini, kizuizi cha sehemu mbili za mia kinakata karibu nusu volti, na betri iliyostahili kulishwa volti kumi na nne na ushei inapata kumi na tatu na ushei. Inashinda nusu tumbo kila siku. Betri inayoshinda njaa hujenga salfeti ya risasi kwenye sahani zake za ndani, nayo salfeti hiyo inaganda, inakuwa ngumu, na baada ya miezi kadhaa haivunjiki tena hata ikichajiwa usiku kucha. Maada ileile nyeupe iliyoanza nje kama doa inaiua betri kutoka ndani. Ndiyo maana nasema uchafu wa kichwa hauishii kwenye sura. Ukiachwa, unaigeuza ile hukumu ya uongo ya foleni kuwa kweli.

Hapa atatokea mtu wa mitaa ya Kuze au Kibokoni aseme kwamba mambo haya yote ni chumvi ya bahari, na kwamba anayeishi kisiwani hana budi kuyavumilia kama anavyovumilia kutu kwenye mabati na nondo za madirisha. Hoja yake ina chembe ya ukweli. Upepo wa pwani umebeba chumvi na unyevu. Chumvi ikitua juu ya betri hunyonya unyevu huo na kutengeneza utando unaopitisha umeme kidogo baina ya kichwa chanya na hasi, na huharakisha kutu ya nati na vibanio vya chuma. Lakini haiwezi kuwa chanzo. Magari ya Nakuru na Eldoret, ambayo hayajawahi kunusa bahari, huota ungaunga ule ule. Na kuna jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya: tia kijiko cha soda ya kuokea ndani ya maji ya bahari, halafu tia kijiko kingine juu ya ungaunga wa betri uliolowanishwa kidogo. Maji ya bahari yatanyamaza. Betri itatoa povu. Povu hilo ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka pale soda inapokutana na tindikali, na chumvi ya kawaida haina tindikali ya kulitoa. Adui, basi, amo ndani ya betri yenyewe, na hali ya Pwani inamsaidia tu.

Kinachomsaidia zaidi adui huyo ni joto. Mafundi wa betri duniani wanafuata kanuni ya makadirio kwamba kila joto linapopanda nyuzi kumi za Selsiasi, kasi ya kuchakaa kwa betri ya risasi huongezeka kama mara mbili. Mombasa haina msimu wa baridi wa kuipumzisha, na chini ya boneti ya gari lililosimama juani joto huzidi mbali lile la barazani. Ongeza na namna magari ya Feri yanavyotumika. Dereva anayezima injini ili asichome mafuta bure kwenye foleni, akawasha kusogea hatua chache, akazima tena, anaitoa betri umeme mara tano au sita bila kuipa muda wa kula. Safari yenyewe ni fupi, mlango wa bahari wa Likoni ni kama nusu kilomita tu, na anayekaa Mtongwe akifanya kazi mjini anaweza kumaliza wiki nzima bila injini yake kukimbia saa moja mfululizo. Barabara ya Dongo Kundu imewapa wengine njia ya kuzunguka, lakini feri bado ni ya maelfu. Gari la namna hii haliwezi kumudu hata kizuizi kidogo. Mwenye gari la safari ndefu huenda akauvumilia ungaunga mwaka mzima. Wa Feri hawezi.

Sasa dawa. Kwa kuwa adui ni tindikali, kinachotakiwa ni kitu cha kuituliza, na jikoni kipo: soda ya kuokea, ile poda nyeupe ya keki. Kijiko kimoja cha chakula katika kikombe cha maji ya uvuguvugu kinatosha gari dogo. Tahadhari na majina, kwa sababu pakiti zinafanana. Hamira ya mahamri ni viumbe hai vinavyoumua unga, haina kazi yoyote hapa. Bekin poda imechanganywa na tindikali yake kavu ili iumuke yenyewe, kwa hiyo nguvu yake kwa betri ni nusunusu. Asiye na soda ya kuokea anaweza kutumia magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, na hapo Kenya ina neema yake: magadi yanachimbwa Ziwa Magadi kule Kajiado, kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, na kwa zaidi ya karne moja magadi yamekuwa yakiteremka kwa gari la moshi hadi bandarini Kilindini kusafirishwa nje. Magadi ni makali kuliko soda ya kuokea na huwasha ngozi, basi nusu kijiko kinatosha na glavu hazina mjadala. Hata maji ya jivu la kuni yaliyochujwa yana nguvu ya kutuliza tindikali, ingawa si safi kama hayo mawili.

Wapo watakaosema haya ni kujisumbua, kwamba soda ya kunywa aina ya Coca-Cola na maji ya moto yamewafaa madereva miaka nenda miaka rudi. Sikatai kwamba ungaunga huondoka. Maji ya moto huyeyusha salfeti ya shaba upesi, na Coca-Cola ina tindikali ya fosfori inayolegeza kutu. Lakini tazama kinachobaki. Salfeti ya risasi, ule mweupe, haiyeyuki kwenye maji ila kidogo mno, hivyo maji ya moto yanauhamisha tu kutoka kichwani kwenda kwenye sinia ya betri na kwenye chuma cha gari, na tindikali iliyomo inahama nao ikaanze kula huko. Coca-Cola inatibu tindikali kwa tindikali nyingine, kisha inaacha sukari zaidi ya gramu kumi katika kila mililita mia, utando wa kunata unaokamata vumbi na kuvuta unyevu wa pwani. Povu lake linadanganya pia, maana ni gesi yake yenyewe, lingetoka hata ukiimwaga sakafuni. Povu la soda ya kuokea linasema kweli. Linatoka mradi tindikali ipo, na likikoma ukimwagia mara ya pili au ya tatu, tindikali imekwisha. Hakuna kipimo cha bei nafuu kuliko hicho. Ndimu na siki zinaingia kundi la Coca-Cola, ziachwe kwa samaki.

Kazi yenyewe ni ya robo saa, ila utaratibu wake una sababu na sababu hizo si za kuchezea. Injini izimwe na ipoe. Pete na saa ya chuma zivuliwe. Sigara iwe mbali kabisa, kwa kuwa haidrojeni inayobaki karibu na betri hulipuka kwa cheche ndogo, na betri ikipasuka inarusha tindikali usoni. Ndiyo maana miwani, hata ya jua, ni bora kuliko macho matupu. Waya hasi, wenye alama ya kutoa, utangulie kufunguliwa na uwe wa mwisho kurudishwa. Watu hulikariri hili bila kulielewa. Bodi yote ya gari imeunganishwa na upande hasi, kwa hiyo spana ikiwa kwenye kichwa chanya na ikagusa chuma chochote cha gari wakati waya hasi ungalipo, umeme wote wa betri unapita ndani ya spana hiyo na kuiwasha kama kaa la moto. Ukishautoa waya hasi, njia imekatika. Baada ya hapo ungaunga usikwanguliwe mkavu ukapeperuka puani. Ulowanishwe kwanza, ufutwe kwa kitambaa kibichi, ndipo maji ya soda yamwagwe kidogo kidogo na kusuguliwa kwa mswaki mkuukuu hadi povu likome. Vifuniko vya vyumba viwe vimekazwa, kwani soda ikiingia ndani itaituliza tindikali inayotakiwa kufanya kazi, na hapo utakuwa umeiua betri kwa dawa. Suuza kwa maji machache safi, kausha, kisha pitisha msasa laini kichwani na ndani ya kibanio mpaka metali ing'ae. Waya za kusugulia sufuria ziachwe jikoni. Vipande vyake ni chuma, vikianguka baina ya vichwa viwili vinatoa cheche.

Vibanio vikisharudishwa na kukazwa, pakaa mafuta ya mgando juu yake, utando mwembamba. Kazi yake ni kuzuia hewa, unyevu na mvuke wa tindikali visiifikie metali. Hupakwa baada ya kukaza, maana mafuta hayapitishi umeme na mguso unatakiwa uwe metali kwa metali. Mafuta ya nazi, ambayo hayakosekani katika nyumba za Mji wa Kale, yanaonekana kama mbadala wa karibu, lakini kwenye joto la injini yanayeyuka na kuchuruzika, na yanayobaki huchacha. Mafuta ya mgando au grisi hukaa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fundi mzoefu anayesema: betri iliyoanza kutoa ungaunga imeshachoka, kuiosha ni kumvisha marehemu kanzu mpya. Lazima tukiri kwamba wakati mwingine ana haki. Ungaunga ukirudi ndani ya wiki chache baada ya usafi wa kweli, kuna tatizo la ndani: shina la kichwa limepasuka na linavujisha, au altaneta inalisha kupita kiasi. Lakini haya yanapimika, hayatabiriwi kwa kutazama. Mita ya volti inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na fundi yeyote wa umeme wa magari anayo. Gari likiwa limelala usiku mzima, betri iliyojaa husoma karibu 12.6, ikisoma 12.4 ina kiasi cha robo tatu, na chini ya 12 ni tupu. Injini ikiwaka, usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi, ukipanda na kukaa juu ya 15, kosa ni la altaneta, na betri mpya itakayowekwa hapo itaungua kama ile ya kwanza. Kipimo ninachokipenda zaidi ni hiki: ncha moja ya mita iguse kichwa cha betri chenyewe, nyingine iguse kibanio kilichokivaa, na mtu ajaribu kuwasha gari. Vitu viwili vinavyogusana vizuri havina tofauti ya volti ya kutajwa. Mita ikionyesha nusu volti au zaidi, mwizi amepatikana, na si betri. Anayenunua betri mpya bila vipimo hivi ananunua kwa imani. Mara nyingine gari huwaka baada ya kubadilisha kwa sababu tu fundi, alipoweka mpya, alivisafisha vibanio. Dereva akasifu betri.

Kuna na hoja ya betri za siku hizi zilizofungwa, zisizotiwa maji, kwamba hizo hazihitaji kuangaliwa. Zimepunguza tatizo, hazijalimaliza. Nazo zina tundu la kutolea gesi shinikizo likizidi, na vichwa vyake viko nje kama vya zamani.

Nimesema mwanzoni kwamba hasara ya Mombasa haiishii mfukoni. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na risasi haiozi. Betri iliyotupwa huenda mahali ikavunjwe na kuyeyushwa, na Mombasa inapajua mahali hapo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na makazi ya watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Moshi na maji yake yalijaza risasi kwenye udongo na kwenye damu za wakaazi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo na ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, aliongoza mapambano ya kijiji na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya hukumu hiyo kutenguliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024. Haikuwa balaa ya Kenya peke yake: kule Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sumu ya risasi iliyotokana na kuvunja betri za magari. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Mtu ataniuliza kama vijiko vya soda vya dereva wa Likoni vinaweza kubadilisha hali hiyo. Kinachohitajika zaidi ni sheria na usimamizi wa viwanda, na hilo halina mbadala. Lakini kila betri inayodumu miaka minne badala ya miwili inapunguza kilo kadhaa za risasi zinazotafuta tanuri. Hesabu hiyo inawahusu pia wenye matatu na tuktuk, ambao betri zao hufanya kazi kuanzia alfajiri. Na ukweli wa Owino Uhuru unamfunza anayesafisha jambo moja la haraka: ule weupe anaoufuta ni chumvi ya risasi. Kitambaa kilichotumika kufutia kifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kutupwa, kisirudi jikoni. Kazi isifanyiwe kwenye karo la vyombo wala mahali watoto wanapocheza, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula, miraa au mtoto. Betri iliyokwisha kweli irudishwe kwa muuzaji anayepokea za zamani, isivunjwe uani ili kupata risasi ya kuuza kwa kilo.

Kesho asubuhi kabla ya kwenda Feri, gari likiwa bado limepoa, fungua boneti utazame vichwa vya betri. Ukiona weupe au kijani, tia kijiko kimoja cha soda ya kuokea kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, chukua mswaki mkuukuu na spana namba kumi, na uanze na waya hasi.